Kitabu Kilichokukosesha Usingizi Kimemlaza Mwenzako: Kwa Nini?

Wasomaji wawili wanamaliza riwaya ileile ya kutisha. Mmoja anasema alilala taa ikiwaka. Wa pili anasema naye alilala, tena fofofo, kabla hata ya kufika sura ya nne. Ubishi unaanza, na baada ya muda mfupi kitabu chenyewe kimesahaulika: wa kwanza anaitwa mwoga, wa pili anaambiwa hajui kusoma.

Riwaya za kutisha na za kusisimua huzua ubishi wa namna hii kuliko karibu hadithi nyingine zote, ukiacha pengine za kuchekesha. Sababu ni kwamba zinapimwa kwa mwili. Moyo ulikwenda mbio au haukwenda. Vinyweleo vilisimama au vililala. Huwezi kumwambia mtu kwamba alikosea kuogopa, wala huwezi kumtetemesha kwa hoja mtu ambaye hakutetemeka. Kwa hiyo maoni yanayoanzia na kuishia kwenye "kilinitisha" au "hakikunitisha" hayana mlango wa kuingilia. Ni taarifa kuhusu msomaji, kama vile kusema una njaa.

Kinachojadilika ni kitu kingine: kitabu kiliahidi nini katika kurasa zake za mwanzo, kilitumia njia gani kutimiza ahadi hiyo, na wewe ulikifungua ukitarajia nini. Nimesikiliza ubishi mwingi wa wasomaji wa riwaya hizi, na mara nyingi naona wanaogombana hawapingani kuhusu kitabu. Kila mmoja anadai deni lake, na mwandishi hakukopa kwa wote wawili.

Swali linalofungua ukurasa unaofuata

Tuanze na mipaka, maana hapo ndipo wengi hupotezana. Riwaya ya upelelezi, ya kusisimua na ya kutisha hukaa jirani kwenye rafu, na nyingine hazina rafu moja. The Silence of the Lambs ya Thomas Harris, iliyotoka mwaka 1988, ilipata Tuzo ya Bram Stoker, ambayo hutolewa na chama cha waandishi wa hadithi za kutisha. Kisha ikapata Tuzo ya Anthony, ambayo ni ya hadithi za uhalifu na upelelezi. Hakuna kundi lililokosea.

Njia ninayoiamini ya kuzitenganisha ni kutazama swali linalomfanya msomaji afungue ukurasa unaofuata. Kwenye upelelezi jambo limeshatokea, na tunataka kujua nani kalitenda. Kwenye riwaya ya kusisimua jambo bado liko njiani, na tunataka kujua kama litazuilika kabla muda haujaisha. Kwenye riwaya ya kutisha kuna kitu kimeingia pasipo mahali pake, na tunataka kujua ni nini na kinatutakia nini, huku nusu ya nafsi yetu ikiomba tusijue. Bastola, mapango, makaburi na mapanga ni mapambo. Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, ina mzimu tangu kwenye jina lake, lakini anayeingia kazini ni Bwana Msa, mpelelezi, na mwendo wa kitabu ni wa kupima ushahidi. Anayekisoma akisubiri kutetemeka atakilaumu bure. Anayekisoma akitafuta fumbo atakifaidi.

Basi mtu akikuambia riwaya fulani "inaenda polepole mno", muulize kwanza alikuwa anasubiri swali lipi kati ya hayo matatu. Mwendo wa polepole ni dosari kubwa pale saa inapohesabu. Pale msomaji anapozoeshwa nyumba, vyumba vyake na sauti zake za kawaida ili baadaye asikie sauti moja isiyo ya kawaida, polepole hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Taharuki, nayo, hueleweka vibaya. Wengi huiona kama kutojua kitakachotokea. Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu, alilieleza jambo hili kwa François Truffaut katika mahojiano yaliyotolewa kitabu mwaka 1966. Alisema: watu wameketi mezani wakizungumza mambo ya kawaida, ghafla bomu linalipuka chini ya meza. Mtazamaji anapata mshtuko wa sekunde kumi na tano. Sasa mwonyeshe mtazamaji bomu kabla, na saa ukutani, kisha waache watu walewale waendelee na mazungumzo yaleyale ya kawaida. Mshtuko wa sekunde kumi na tano umegeuka kuwa taharuki ya dakika kumi na tano. Taharuki huzaliwa tunapojua zaidi ya mhusika, na tunashindwa kumwambia.

Mfano ninaoupenda zaidi uko kwenye riwaya. Mwaka 1971 Frederick Forsyth alichapisha The Day of the Jackal, hadithi ya muuaji wa kukodiwa anayetumwa kumuua Charles de Gaulle, rais wa Ufaransa. De Gaulle alikuwa amefariki nyumbani kwake Novemba 1970, kifo cha kawaida. Kila aliyefungua kitabu kile alijua kabla ya ukurasa wa kwanza kwamba njama itashindwa. Hata hivyo kilisomwa kwa pumzi moja, na bado kinasomwa hivyo. Jibu la "je, atafanikiwa?" lilikuwa mikononi mwa msomaji, lakini hakujua njia: muuaji atapata vipi hati bandia, atapitisha vipi silaha, na polisi watafikia wapi kabla hajafika dirishani. Kwa hiyo anayekitupa kitabu kwa kusema "nilijua mwisho wake" hajatoa hoja bado. Aeleze kama mwandishi alikuwa ameweka uzito wote kwenye mwisho huo.

Taharuki haikuanzia kwenye riwaya za majasusi. Dracula ya Bram Stoker, ya mwaka 1897, imeundwa kwa shajara, barua, simu za maandishi na vipande vya magazeti. Kila mhusika ameshika kipande chake. Msomaji peke yake ndiye aliyeshika vyote, na kwa sura nyingi anabaki akiwaona wenye shajara wakipishana na jibu bila kuligusa. Hilo ni bomu la Hitchcock, tena limewekwa ndani ya kitabu cha kutisha.

Hofu ina tabaka

Ann Radcliffe, aliyetamba na riwaya za majumba ya kale huko Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, aliacha maandishi yaliyochapishwa mwaka 1826, miaka mitatu baada ya kifo chake. Humo alitofautisha hisia mbili ambazo sisi huzifunga kitita kimoja. Ya kwanza ni hofu ya jambo ambalo halijaonekana: hatua ghorofani, mlango uliokuwa umefungwa. Hofu hiyo, kwa maoni yake, hupanua nafsi na kuamsha akili. Ya pili ni kitisho cha kukutana na jambo lenyewe uso kwa uso. Hicho huibana nafsi na kuigandisha. Radcliffe aliipendelea ya kwanza bila kuficha.

Stephen King, katika kitabu chake cha uhakiki cha mwaka 1981, aliongeza tabaka la tatu chini yake: kinyaa. Alisema, kwa ucheshi wake, kwamba yeye hujaribu kwanza kumtia msomaji hofu ya kisichoonekana. Akishindwa humwonyesha kitisho, na akishindwa hata hapo humchefua, na wala haoni aibu.

Ngazi hii inafaa sana kwa mazungumzo, ingawa nadhani ukiifanya mizani ya ubora utapotea. Kuna kinyaa kilichoandikwa kwa ustadi, na kuna mlango unaolia usiku ulioandikwa kivivu mara elfu. Faida yake ni kwamba inampa msomaji namna ya kusema ni hofu ipi ilimkosa. Mtu anayesema "hakuna kilichotokea mpaka kurasa za mwisho" huenda ni msomaji wa tabaka la pili aliyepewa kitabu cha tabaka la kwanza. Mtu anayesema "ni damu tu" huenda ni kinyume chake. Wakijua hivyo wanaweza kuacha kugombania nani shujaa na kuanza kupeana vitabu vinavyowafaa.

Kuna jambo jingine linalosahauliwa, hasa na waliozoea filamu. Kitabu hakina mlio wa ghafla. Hakiwezi kukurusha kitini, maana kasi iko jichoni mwako. Unaweza kusimama katikati ya sentensi ukanywa maji. Kwa hiyo mwandishi wa kutisha ana silaha chache, na ukizijua utazungumza vizuri zaidi juu ya kazi yake. Anaweza kurefusha sentensi ili uishiwe pumzi, kisha akakata kwa maneno mawili. Anaweza kutaja kitu kibaya kwa sauti ileile tulivu aliyotajia hali ya hewa, ukapita mstari mzima kabla hujagundua umesoma nini. Anaweza kukufungia ndani ya macho ya mtu mmoja ambaye huna hakika naye. Anaweza pia kutokusema. Kiumbe kisichoelezwa umbo lake hujengwa na msomaji kwa vifaa vya woga wake mwenyewe, na hapa kuna sehemu ya jibu la swali letu la mwanzo: wasomaji wawili waliosoma maneno yaleyale hawakuona kiumbe kimoja.

Sehemu nyingine ya jibu ni mazoea. Aliyesoma riwaya mia moja za nyumba zenye mashetani anajua kabla ya mhusika kwamba mbwa atakufa kwanza. Huyo anasoma ufundi, hadithi imeshamwishia. Maoni yake ni ya thamani kwa wazoefu wenzake na hayamfai sana mgeni. Mgeni naye, kwa kushangazwa na hila iliyochakaa, huweza kumwambia mzoefu jambo ambalo mzoefu hawezi tena kulijua: kwamba hila hiyo bado inafanya kazi.

Na kwa nini tujitese? Mwanafalsafa Noël Carroll alilishughulikia swali hilo mwaka 1990. Kwa hoja yake, kiumbe cha kutisha ni hatari, na juu ya hatari kinachafua mipaka tunayopangia ulimwengu: kiko hai na kimekufa, ni mtu na ni mnyama, kiko ndani na kiko nje. Kitu kama hicho kinatuchukiza, na kwa sababu hiyohiyo kinatuvuta tukijue. Raha, anasema, iko katika udadisi, katika mchakato wa kuthibitisha na kufichua. Kinyaa ni gharama tunayoilipa. Sikubaliani naye kwa kila kitabu. Wapo wasomaji ambao hawataki kufichuliwa chochote, wanataka tu kukaa ndani ya hali hiyo, na hao hoja ya udadisi haiwaelezi. Lakini inaeleza vizuri kwa nini riwaya nyingi za kutisha hudhoofika kiumbe kinapotoka hadharani: udadisi umeshalipwa, na kilichobaki ni mbio.

Mwisho unaogawa watu

Tukifika kwenye mwisho wa kitabu, ubishi unakuwa mkali, na ni wa tangu zamani. Radcliffe alikuwa na kawaida ya kuyapatia mambo yake yote ya ajabu sababu za kawaida mwishoni: sauti zilikuwa za watu, maiti ilikuwa sanamu. Walter Scott, aliyemheshimu, alimlaumu kwa hilo. Umemtetemesha msomaji kwa kurasa mamia kisha unamwambia ni upepo? Lawama hiyohiyo utaisikia leo kwa riwaya inayomalizikia hospitalini, daktari akieleza kwamba yote yalikuwa kichwani mwa mhusika.

Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970, alilipa jambo hili umbo. Alisema kuna hadithi zinazomweka msomaji kwenye kusitasita: je, haya ni ya kawaida yenye maelezo, au ni ya nje ya maumbile? Hadithi ikichagua maelezo ya kawaida, inaangukia upande mmoja. Ikikiri kwamba shetani yupo, inaangukia upande wa pili. Hadithi adimu ni ile inayokataa kuchagua mpaka nukta ya mwisho.

Hadithi hiyo adimu kila mtu huitolea mfano mmoja, nami sina mwingine bora: The Turn of the Screw ya Henry James, ya mwaka 1898. Mwalimu kijana anatunza watoto wawili katika nyumba kubwa ya shamba, na anawaona watu waliokwisha kufa. Mwaka 1934 mhakiki wa Marekani Edmund Wilson alitoa hoja kwamba mizimu haipo, ni fikra za mwalimu mwenyewe. Wengine wakamjibu kwa ukali, na ubishi haujamalizika kwa sababu matini inawabeba wote. Mizimu inapoonekana ni yeye pekee anayetuhakikishia kwamba imeonekana. Lakini anamweleza msimamizi wa nyumba sura ya mtu aliyemwona, na msimamizi anamtambua marehemu. Vuta huku, vuta kule.

Sasa mpe kitabu hicho msomaji anayetaka jibu. Atasema mwandishi alishindwa kumaliza. Mpe msomaji anayependa kusitasita. Atasema mwisho ndio ushindi. Kila mmoja ana haki ya upendeleo wake, lakini hoja ya "hakujua kumaliza" inahitaji ushahidi. Je, kitabu kilikuwa kinasitasita tangu mwanzo, kwa mpango, kikiweka alama za pande zote mbili? Au kilikuwa kinatembea kwenye barabara iliyonyooka kuelekea jibu, kikaishiwa nguvu hatua tano kabla? Mwisho wazi ulioandaliwa na mwisho uliotelekezwa hufanana sana kwa anayesoma kurasa kumi za mwisho tu. Ukirudi sura ya tatu tofauti huonekana haraka.

Kumwaga mtama

Hakuna jambo linalovunja urafiki wa wasomaji upesi kama kumtobolea mtu siri. Hapa utafiti una la kusema, ingawa si lile wengi wanalotarajia. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa hadithi fupi 12, zikiwemo za mafumbo na zenye mgeuko wa mwisho. Waliotobolewa siri mapema walizipenda hadithi, kwa wastani, kuliko ambao hawakutobolewa. Tafiti za wengine baadaye zilitoa picha tofauti, nyingine zikionyesha kwamba siri ikivuja msisimko hupungua. Haishangazi. Hadithi fupi unayosomeshwa na mtafiti na riwaya ya kurasa mia nne uliyoichagua mwenyewe, ukaitengea muda, ni mambo mawili.

Binafsi nauona ukweli ulio katikati. Siku hizi hakuna anayefungua hadithi ya Jekyll na Hyde ya Robert Louis Stevenson bila kujua siri yake, wakati wasomaji wa mwaka 1886 walikuwa wanasoma fumbo. Kitabu kimebaki hai. Lakini kimekuwa kitabu kingine: badala ya kuuliza Hyde ni nani, tunamtazama Jekyll akijidanganya. Anayetoboa siri haui kitabu. Anachofanya ni kumnyima mwenzake usomaji wa kwanza, na usomaji wa pili angeupata hata hivyo kwa wakati wake.

Ugumu ni kwamba kutoboa kuna njia nyingi, na nyingine zimevaa nguo za ustaarabu. "Sitasema chochote, ila kuna mgeuko mwishoni utakaokuacha mdomo wazi." Huyo amesema karibu kila kitu. Msomaji anayejua kuna mgeuko huanza kuutafuta tangu sura ya kwanza. Humshuku kila mtu mpole, huhesabu nani hajaonekana na mwingine chumba kimoja, na mara nyingi huupata kabla ya nusu. "Usimwamini msimulizi" ni mbaya zaidi, maana baadhi ya riwaya zimejengwa juu ya imani hiyo tu. Hata kukilinganisha kitabu na kingine chenye mgeuko maarufu ni kumwaga mtama kwenye kuku wengi.

Kinachowezekana kusemwa bado ni kingi. Hali ya mwanzo, mpaka pale ambapo maandishi ya jalada la nyuma huishia. Sauti ya msimulizi: baridi, ya kejeli, ya mtu anayejitetea. Ni nani anajua zaidi, msomaji au mhusika. Mahali na majira. Hofu ya tabaka gani. Ni wapi kitabu kilikuchosha, kwa kutaja sehemu, bila kutaja tukio: "theluthi ya katikati inazunguka mahali pamoja". Na ukitaka kujadili mwisho, uliza kwanza kama wote waliopo wamemaliza. Ni swali dogo, na bado kuna watu hulikwepa kwa kisingizio kwamba kitabu kina umri wa miaka sitini. Kwa asiyekisoma, kitabu kimetoka leo.

Kudanganywa kwa haki

"Mwandishi kanidanganya." Lalamiko hili linastahili kuchambuliwa polepole, kwa sababu wasomaji wa upelelezi walilitungia hata sheria. Mwaka 1928 S. S. Van Dine aliorodhesha kanuni 20 za hadithi ya upelelezi. Mwaka uliofuata Ronald Knox, padri wa Kikatoliki na mwandishi, alitoa amri zake kumi: mhalifu awe ametajwa mapema, nguvu za mizimu zisitumike, vyumba vya siri visizidi kimoja, kidokezo anachokipata mpelelezi msomaji naye akione. Nyingine ziliandikwa kwa utani, lakini kiini kilikuwa cha kweli. Hadithi ni mchezo kati ya watu wawili, na anayegawa karata asizifiche mkononi.

Ubishi mkubwa wa zama hizo ulikuwa juu ya riwaya ya Agatha Christie ya mwaka 1926, The Murder of Roger Ackroyd. Suluhisho lake liliwagawa wasomaji: wengine walisema ni ujanja halali, wengine walisema ni ulaghai. Sitakuambia suluhisho lenyewe. Ninachoweza kusema ni kwamba ukirudi nyuma ukisoma sentensi moja moja, hukuti uongo. Unakuta mambo yaliyorukwa, na kuruka huko kumeachwa mahali unapoweza kukuona. Hiki ndicho kipimo ninachokitumia. Mwandishi aliyekuficha jambo kwa kukuelekeza macho kwingine amecheza. Mwandishi aliyekuambia kwa sauti yake mwenyewe jambo lisilo kweli, kisha akaligeuza, amekuibia.

Edmund Wilson yuleyule aliyeichambua mizimu ya James kwa subira aliandika mwaka 1945 insha inayouliza kwa kejeli nani anajali aliyemuua Roger Ackroyd. Kwake mafumbo haya yalikuwa kupoteza muda. Mhakiki mmoja, akili ileile: fumbo la nafsi lilimnogea, fumbo la ushahidi likamchosha. Alikuwa na haki ya kuchoka. Alichokosea, kwa maoni yangu, ni kuwalaumu wanaopenda mchezo kwa sababu yeye hakuwa na hamu ya kucheza.

Damu, na anayemwagwa damu

Kuhusu ukatili, watu hupenda kukimbilia pande mbili: "ni hadithi tu" au "kitabu hiki kipigwe marufuku". Pote pawili hapana mazungumzo. Swali la maana ni ukatili unafanya kazi gani. Kuna riwaya ambamo aliyeuawa alikuwa na jina, madeni, mzaha anaoupenda, na kifo chake kinabaki kikiuma hadi ukurasa wa mwisho. Kuna nyingine ambamo msichana asiye na jina anauawa kila baada ya sura tatu ili mwendo usilegee. Zote mbili zinaweza kuwa na lita zilezile za damu. Ukisema "kilinichukiza", fafanua kama ni chukizo ambalo kitabu kilikusudia ulisikie, au ni chukizo dhidi ya mwandishi mwenyewe.

Wapo pia wasomaji ambao jambo fulani, tuseme kifo cha mtoto au kubakwa, limewagusa katika maisha yao. Kuwaambia mapema kwamba limo si kutoboa siri. Inawezekana kusema limo bila kusema linampata nani.

Na kuna suala la mwandishi mwenyewe. H. P. Lovecraft, aliyefariki mwaka 1937, ni nguzo ya hadithi za kutisha, na alikuwa mbaguzi wa rangi, tena kwa maandishi. Kwa miaka mingi washindi wa Tuzo ya World Fantasy walikabidhiwa sanamu ya kichwa chake. Baada ya malalamiko ya waandishi, mwaka 2015 ilitangazwa kwamba sanamu hiyo itaachwa. Mjadala wa wasomaji haukupaswa kuishia hapo, na kwa bahati nzuri haukuishia. Swali gumu zaidi liko ndani ya hadithi: woga wake wa watu wasiofanana naye ndio uliozaa baadhi ya viumbe vyake. Unaweza kumsoma, ukavutiwa na ukubwa wa ulimwengu wake, na bado ukaonyesha ni sentensi gani inamwogopa nani.

Maoni yanavyoweza kusikika

Nyota tano au nyota mbili sitazizungumzia sana. Zinachanganya raha, ufundi na hali yako ya siku hiyo katika namba moja, na namba haijibu maswali.

Tuchukue riwaya ya kubuni. Mwanamke anahamia kwenye nyumba aliyorithi kwa shangazi yake. Kila asubuhi kuna kiti kimoja zaidi mezani. Msomaji wa kwanza anasema: "Kinaboa, hakitishi, mwisho wa ovyo." Hakuna cha kumjibu, labda kumwambia pole. Sasa mtu huyohuyo, akiwa na hisia zilezile, aseme hivi: "Theluthi ya kwanza ilinishika kwa sababu mwanamke hataji viti, anaongeza tu sahani, na mimi ndiye niliyekuwa ninahesabu. Alipoanza kuvizungumzia na jirani, hofu ilinitoka, maana jirani ana maelezo ya kila kitu. Nilitarajia kitabu kitaniacha nikisitasita, kumbe kilikuwa kinaelekea kwenye jibu. Jibu lenyewe sikulipenda, ingawa nikirudi sura ya pili naona lilikuwa limewekwa."

Bado hakukipenda. Lakini aliyekipenda sasa ana mahali pa kushika. Anaweza kusema jirani yule kwake ndiye aliyekuwa wa kutisha kuliko viti, kwa sababu mtu mwenye maelezo ya kila kitu amekaa na jambo hilo muda mrefu mno. Na msomaji wa tatu, ambaye hajakisoma, ameshajua kama anakitaka, bila kuambiwa nani anakaa kwenye viti hivyo.